Bruda Aliyepima Utelezi wa Ziwa

Ukimsalimia Bruda akiwa ameshika saa yake, alikuwa haitiki. Ungesema "Tumsifu Yesu Kristo" mara moja, ungerudia, naye angebaki ameinama mbele ya kipampu chake cha mkono, macho yakitoka kwenye mshale wa saa na kwenda kwenye jagi la plastiki lililokuwa likijaa taratibu. Angeinua kidole kimoja tu, maana yake subiri. Jagi likishajaa, angeandika tarakimu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, angeshusha pumzi, kisha angesema kwa sauti kubwa, "Milele na milele, amina," hata kama aliyemsalimia alikwisha ondoka na aliyesimama pale sasa ni mbuzi wa masista.

Watu wa kijiji walilizoea jambo hilo wakalifanya utani. Mtu akichelewa kujibu swali nyumbani kwake, mkewe alimwambia, "Umeingia kwenye saa ya Bruda?"

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika kituo cha afya cha misheni, kule bondeni, mbele kidogo ya Ilemba. Ukiwa pale unatazama juu na kuona ukingo wa uwanda wa Ufipa, na upande wa pili unaona Ziwa Rukwa limelala, jeupe wakati wa jua kali, la kijani wakati mwingine. Mimi nilikuwa nesi. Yeye alikuwa mtawa wa kiume ambaye hakuwa padri. Alitengeneza vitanda, jenereta, paa, baiskeli ya katekista, na zaidi ya yote alitunza mashine ya maji.

Visima vya pale vilikuwa na chumvi, na ziwa lenyewe lina magadi. Ukipika chai ya maziwa kwa maji yale, maziwa yanakatika sufuriani. Wajawazito walikuja kliniki midomo imewakauka, ukiwauliza wanakunywa maji kiasi gani wanacheka. Basi ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza tena kujaa sabuni na vitenge, na malori ya Tunduma yakawa yanashusha vitu ambavyo zamani kidogo tulivipata kwa kuwaagiza watu waliokwenda Zambia. Pamoja na vitu hivyo wafadhili wa misheni wakatuletea mashine ya kuondoa chumvi. Ilikuwa pampu yenye nguvu na mirija minene minne, na ndani ya kila mrija mlikuwa na utando mwembamba uliokunjwa kama mkeka. Maji ya ziwa yalisukumwa kwa nguvu dhidi ya utando ule. Maji yakapenya, chumvi ikabaki. Watu waliuita utando ule ngozi, na Bruda mwenyewe mwishowe aliacha kuwasahihisha.

Alikuwa mtu wa uwandani hasa, na bonde halikumkubali mwilini. Sisi wengine tulipokuwa tunatafuta kivuli, yeye alivaa ovaroli ya bluu na juu yake sweta ya sufu, ile ambayo mtu wa Sumbawanga huvaa mwezi wa sita. Alisema jasho likikauka ndani ya sweta ndilo linalompoza. Miguuni alikuwa na katambuga za matairi. Viatu alivaa Jumapili na siku ya kupanda mlimani kwenda mjini, na siku hiyo alichechemea kwa sababu miguu ilikwisha visahau.

Aliishi kando ya ziwa na hakula samaki. Dagaa wakipikwa, alichukua ugali wake wa ulezi na maharage, akaenda kukaa upande ambao moshi hauendi. Maji ya ziwa yaliyopita magotini yalimtisha, na hakuwa na aibu kulisema. Jambo lililotuchekesha zaidi ni kwamba hata maji ya mashine yake mwenyewe hakuyapenda. Alisema hayana ladha ya mahali popote. Alikinga maji ya mvua kwenye pipa nyuma ya karakana, akayachemsha, akanywa hayo. Sista mkuu alipomwuliza kwa nini anawapa watu maji ambayo yeye hayanywi, alijibu, "Mimi sina mimba, Sista."

Jumapili baada ya misa alikwenda kukaa na bibi mmoja aliyekuwa akipika pombe ya ulezi, akanywa kikombe kimoja, na kuzungumza Kifipa mpaka akatosheka. Kiswahili alikitumia kwa kazi na kwa sala. Kifipa alikitumia kwa wazee, na kwa mashine ilipokataa kuwaka. Sijui alikuwa akiiambia nini, lakini wazee waliokuwa karibu walikuwa wakicheka na kujifunika mdomo.

Neno lake kubwa lilikuwa "nionyeshe." Ukimwambia paa linavuja, nionyeshe. Ukimwambia fulani ameiba betri, nionyeshe. Dereva wa lori la misheni alimwambia siku moja kwamba barabara ya mlimani imekatika kwa mvua, Bruda akavaa viatu, akapanda mguu kwa mguu mpaka alipoikuta imekatika kweli, akarudi na kusema, "Umesema kweli." Dereva alikasirika wiki nzima. Padri alimtania mezani akimwuliza kama Mungu naye anamwambia nionyeshe. Bruda alitafuna kwanza, akameza, akasema, "Hapana, Padri. Yeye tumezoeana."

Kuhusu kipampu na jagi, nieleze kidogo, kwa sababu ndicho watu walichomwona akikifanya kila wiki na wengi hawakujua ni nini. Alichukua maji ya ziwa na kuyasukuma kupitia karatasi ndogo nyeupe ya duara, nyembamba, yenye matundu yasiyoonekana kwa jicho. Alipima muda ambao jagi lilichukua kujaa mwanzoni. Aliendelea kusukuma, kisha akapima tena. Kama mara ya pili jagi lilichelewa sana, maana yake kulikuwa na kitu ndani ya maji kinachoziba, hata kama maji yenyewe yalionekana safi. Kitu hicho ndicho kilichoua utando wa mashine. Sisi tulikiita utelezi. Ukiupapasa utando uliochoka, vidole vinateleza kama umeshika bamia.

Baada ya hapo aliikausha karatasi, akaipima kwenye mzani mdogo wa dawa, akaichoma kabisa na kupima majivu. Udongo hauungui, kilichoungua ndicho kilichokuwa na uhai. Kukausha alikausha kwenye tanuri ya masista, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na joto la kuaminika, na tanuri hiyo ndiyo iliyookewa hostia za misa. Jumamosi moja Sista mkuu alikuja karakana amekunja uso.

"Bruda, hostia zinanuka ziwa."

"Hata mitume walinuka ziwa, Sista," akasema, na akaendelea kukaza nati.

Kuchoma alichomea kwa mhunzi wa majembe, ndani ya kikombe cha udongo. Mhunzi alimpenda kwa sababu alikaa kimya. Damu aliiogopa. Hakuwahi kuingia wodini wakati mtu anashonwa. Kitanda kikivunjika tulimtolea nje. Na kama alikuwa na kiburi, nacho kilikuwa kwenye jambo moja tu: aliamini kwamba mashine ile aliifunga yeye vizuri kuliko vile ambavyo waliotuletea wangeifunga. Alilisema wazi na mara nyingi. Pampu, mirija, pipa la mchanga la kuchujia matope, na bomba refu lililokwenda kuvuta maji kwenye kihori kidogo, mahali ziwa lilipoingia nchi kavu, kilichozungukwa na matete. Kihori kile alikichagua mwenyewe, kwa kuwa kilikuwa karibu na maji yake yalikuwa yametulia.

Mashine ilifanya kazi vizuri kwa muda. Kisha mwaka mmoja, kiangazi kilipokuwa kikielekea mwisho, ikaanza kuzibika. Bruda aliosha utando kwa dawa, ukazibika tena. Aliosha tena, ukazibika haraka zaidi. Foleni ya ndoo ikawa ndefu, kisha ikakatika yenyewe, kwa sababu watu walichoka kusubiri wakarudi ziwani. Walikunywa maji yale yale yenye magadi, bila kuchemsha, maana kuni nazo zilikuwa mbali.

Wodi ilijaa watoto wa kuhara. Wengi tuliwawahi. Mjukuu wa mwenyekiti wa kijiji hatukumuwahi. Aliletwa jua linazama, macho yameingia ndani, na mama yake alikuwa bado anajaribu kumnyonyesha.

Katika kijiji chetu kulikuwa na mfugaji mmoja Msukuma aliyeitwa Masanja. Alikuja na familia yake kutoka kaskazini, wakaomba mahali, wakapewa. Walilima mpunga na kufuga. Ng'ombe wake walikuwa wengi, na walikunywa ziwani, si mbali na kihori cha bomba. Tayari kulikuwa na maneno juu yake, kwa sababu mwaka uliotangulia ng'ombe waliingia kwenye shamba la mwenyekiti. Alilipa, lakini mahindi yaliyokanyagwa hayakusahauliwa.

Jumapili baada ya maziko ya mtoto yule, watu walimzunguka Bruda nje ya kanisa. Walimwuliza kwa nini mashine haifanyi kazi. Nilikuwa pale, nimesimama karibu na kengele. Bruda alikuwa amechoka, hakuwa amelala vizuri siku kadhaa, na ule utando aliouvua ulikuwa na rangi ya kahawia na kijani na harufu ya zizi. Akasema, "Ni samadi ya ng'ombe. Mnaona wenyewe wanapokunywa."

Hakupima. Aliangalia, akanusa, akasema.

Kufikia katikati ya wiki, ng'ombe mmoja wa Masanja alikutwa amechomwa mkuki ubavuni. Ijumaa serikali ya kijiji ikakaa, ikaamua Masanja ahame kabla ya mvua kuanza.

Siku iliyofuata Masanja alikuja kituoni. Alikuwa mzee mrefu, mtaratibu wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa kwao. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za wagonjwa kabla ya kuuliza jambo lake. Kisha akaenda karakana, nami nikamfuata, kwa sababu niliogopa kitakachotokea. Hakikutokea kitu cha kuogopa. Alimkuta Bruda ameketi kwenye kasha, akasimama mbele yake, fimbo yake ameilaza chini.

"Bruda, umesema ng'ombe wangu ndio wameziba mashine."

"Nimesema."

"Sikuja kugombana. Nimesikia kwamba mtu akikuletea neno, wewe unamwambia akuonyeshe. Basi nami naomba. Nionyeshe."

Bruda akainuka, akaenda kwenye rafu, akashusha kipampu na boksi la karatasi zake za duara. "Sina cha kukuonyesha," akasema. "Njoo tukitafute."

Siku zile zilizofuata zilikuwa za ajabu kidogo kijijini, maana watu walimwona mtawa na mfugaji wakitembea pamoja ufukweni, mmoja kabeba ndoo, mwingine kabeba jagi. Walichukua maji mahali ng'ombe wanapokunywa. Walichukua maji kwenye kihori, penye mdomo wa bomba. Halafu Bruda akasema lazima yachukuliwe maji mbali kabisa, ambako hakuna ng'ombe aliyewahi kufika, na hilo lilihitaji mtumbwi.

Mvuvi mmoja alikubali kutuchukua. Nasema kutuchukua kwa sababu Bruda aliniomba niende kushika saa. Nadhani sababu ya kweli ni kwamba hakutaka kuogopa mbele ya wanaume peke yao. Alikaa katikati ya mtumbwi, mikono ameshikilia kingo zote mbili, sweta yake imelowa jasho, na njia nzima alisali rozari bila rozari mkononi. Masanja, ambaye naye hakujua kuogelea, alikaa mbele yake na kumsimulia habari za ng'ombe: yupi mkaidi, yupi alizaliwa njiani, yupi anaitwa kwa jina la shangazi yake. Alisimulia bila kuacha, kwenda na kurudi. Bruda hakujibu neno, lakini tuliporudi ufukweni na kukanyaga mchanga, alisema, "Yule wa shangazi, bado anakamuliwa?"

Majibu hayakuwa kama tulivyodhani. Maji ya mahali pa kunyweshea yalikuwa machafu ya kutisha, kahawia, yana vipande vya majani. Lakini yakishapita kwenye mchanga, kama yalivyopita kwenye pipa la mashine, uchafu mwingi ulibaki humo, na jagi halikuchelewa sana. Maji ya mbali, yaliyoonekana safi kabisa machoni, ukiacha ukijani kidogo, yalipita kwenye mchanga huo huo bila kubadilika, na kwenye karatasi yalikwenda polepole, polepole, mpaka tone moja likawa linasubiri jingine. Na yale ya kihorini ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote: yalisimama kabisa. Karatasi yake ilibaki na uji wa kijani, na ulipochomwa kwa mhunzi uliungua karibu wote, ukaacha majivu kidogo sana.

"Lakini samadi nayo inaungua," nilimwambia. Sikuwa nikitaka kumkatisha tamaa, nilisema tu nilichofikiri.

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo nahitaji hadubini yako."

Kituo hakikuwa na mtu wa maabara, hivyo vipimo vya malaria nilivisoma mimi. Nikaweka kidogo cha uji ule kwenye kioo, nikarekebisha, nikaona. Nilitegemea kuona nyuzi za majani yaliyotafunwa, kama nilivyoziona kwenye maji ya kunyweshea. Sikuziona. Niliona vitu vya kijani vilivyojisokota kama springi za kitanda, vingi visivyohesabika, vimeshikana kwa utando wa ute. Nikampisha Bruda atazame. Kisha Bruda akampisha Masanja. Masanja alifumba jicho lisilotakiwa kwanza, tukamsaidia kufumba jingine. Akaangalia muda mrefu.

"Hiki ni nini?"

"Ni mimea ya ziwa," Bruda akasema. "Midogo. Inaota yenyewe. Upepo ukivuma unaisukuma kwenye kihori, matete yanaizuia isitoke, inaoza pale."

"Kwenye kihori."

"Ndiyo. Pale nilipoweka bomba."

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Bruda ndiye aliyeuomba, na mwenyekiti alikubali bila furaha. Walikuja watu wengi, hata wale ambao hawakuwa na haja na mashine. Masanja alisimama nyuma na wanawe. Bruda alivaa viatu, na alichechemea mpaka mbele.

Alieleza alichopima. Alieleza vibaya, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuhutubia. Alirudia, aliruka, aliinua karatasi zake za duara ambazo waliokaa nyuma wasingeweza kuziona. Mwenyekiti akamkata.

"Bruda, sisi hatukuyatunga maneno haya. Ni wewe uliyesema, nje ya kanisa, mbele ya watu."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa nasema nilikosea. Sikuwa nimepima."

Kukawa na minong'ono. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Nilimwona alivyombeba mjukuu wake kwenda makaburini, hakutaka mtu mwingine ambebe.

"Mjukuu wangu yuko kaburini," akasema. Sauti yake haikupanda. "Kama si ng'ombe, nani?"

Bruda akasema, "Samadi kwenye maji ya kunywa ni mbaya. Nesi yupo hapa, atawaambia. Hilo ni kosa la ng'ombe, na wahamishwe wanywe upande mwingine. Lakini watu wasingekunywa ziwa kama mashine ingekuwa inafanya kazi. Mashine haikusimamishwa na ng'ombe. Ilisimama kwa sababu bomba liliwekwa mahali pabaya, na aliyeliweka pale ni mimi. Nilitaka karibu. Nilitaka maji yaliyotulia. Nilijisifu kwa hilo, mmenisikia."

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka pembeni, "Hiyo mimea nayo si inakula mbolea ya ng'ombe?"

"Inawezekana," Bruda akasema. "Hilo sijapima. Nikipima nitasema."

Nadhani jibu hilo ndilo lililomwokoa Masanja. Kama Bruda angesema hapana, wangeona anamtetea mtu. Mwenyekiti alivaa kofia yake, akaondoka, na mkutano ukaendelea chini ya katibu. Wakaamua Masanja abaki, na ng'ombe wapewe njia yao ya kwenda kunywa mbali na watu.

Wiki iliyofuata wanaume walijitolea kuhamisha bomba, kulipeleka nje ya matete mpaka kwenye maji yanayotembea. Mwenyekiti alikuja. Hakumsalimia Bruda. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwisho mzito wa bomba, akaingia majini mpaka kifuani, akashika. Bruda alibaki ufukweni akielekeza, na nilimwona akimtazama yule mzee ndani ya maji kwa namna ambayo sikuweza kuisoma. Utelezi ulipungua, haukuisha. Mashine iliendelea kwa kuchechemea miaka kadhaa.

Kuhusu Masanja, ningependa kusema alizeekea pale. Hakuzeekea pale. Kiangazi kilichofuata alifungasha na kuondoka kuelekea kusini. Alikuja kuaga akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Bruda alimwuliza kwa nini anaondoka wakati mambo yamekwisha.

"Yamekwisha, ndiyo," Masanja akasema. "Wananisalimia vizuri. Kila mmoja ananiambia amenisamehe." Akacheka kidogo. "Lakini Bruda, mimi sikuwa na kosa."

Bruda alimsindikiza mpaka mwisho wa kijiji, akaendelea, akamsindikiza mpaka vumbi la ng'ombe lilipomfunika. Aliporudi hakula. Kwa muda mrefu baada ya hapo, aliposikia mtu akisema "nionyeshe" kwa utani, aliondoka mahali pale. Yeye mwenyewe aliacha kulitumia. Alianza kusema "tuangalie."

Baadaye nilihamishiwa Sumbawanga, nikaolewa huko, nikazeeka kidogo. Miaka ikapita bila kumwona. Kisha mtu akaniambia kwamba Bruda ameletwa juu, yuko kwenye nyumba ya mabruda wazee nje kidogo ya mji. Nikaenda mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, umande haujakauka kwenye nyasi. Nilimkuta amekaa juani kwenye kiti cha kamba, mbele yake ungo wa maharage makavu, anapukuchua. Alikuwa amepungua sana. Nywele zote nyeupe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bruda."

"Milele na milele, amina." Aliitika papo hapo. Akanitazama. "Wewe ni nesi wa bondeni."

"Ndiyo, mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akauliza habari za maji ya bondeni. Nikamwambia siku hizi yanashuka kwa bomba kutoka mlimani, chemchemi ya juu, matamu, hakuna haja ya pampu. Akauliza kuhusu mashine. Nikamwambia iling'olewa, vyuma vikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilidhani ataumia. Akachukua ganda jingine, akalipasua kwa kidole gumba. "Mlimani," akasema. "Kuna wazee waliolisema hilo kabla mashine haijaja. Sikuwasikiliza."

Nikataka kumpa kitu cha kumfariji, nikamkumbusha mkutano wa uwanja wa shule. Alikunja uso, akijaribu.

"Mkutano upi?"

"Wa mzee Masanja. Wa ng'ombe."

"Masanja namkumbuka. Alikuwa na ng'ombe aliyeitwa kama shangazi." Akatabasamu. "Mkutano siukumbuki. Nilisema nini?"

Nikamwambia alichosema, neno kwa neno, jinsi nilivyokuwa nimekihifadhi miaka yote hiyo. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Nilipomaliza alitikisa kichwa polepole.

"Alisema vizuri," akasema.

Tukapukuchua pamoja. Kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko cha ndani kilichotikisa ungo.

"Ninachokumbuka mimi," akasema, "ni kwamba uliwahi kuninyima hadubini."

"Mimi, Bruda?"

"Wewe. Nilikuja na karatasi, bado mbichi, ikikauka inaharibika. Ulikuwa unasoma damu ya mtoto. Ukasema, 'Bruda, kaa nje.' Hukugeuka hata kunitazama. Nikakaa nje. Karatasi ikakauka, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Nikakasirika. Nilikukasirikia mpaka kwenye sala ya jioni, nasali huku nimekasirika." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Siku chache baadaye mwanamke akapita karakana na mtoto mgongoni. Mtoto anakula muwa, maji ya muwa yanamshuka mama shingoni. Nikauliza, huyu ni yule wa damu ya siku ile? Wakaniambia ndiye. Nikasema, Mungu wangu, kumbe nilimkasirikia huyu."

Nilitafuta kichwani siku hiyo. Karatasi, mlango, damu kwenye kioo. Sikupata kitu.

"Sikumbuki, Bruda. Samahani."

"Utakumbukaje? Wewe ulikuwa kazini," akasema. "Mimi ndiye niliyekaa nje."

Kengele ya chakula ikalia. Akasimama kwa kushika bega langu, akaniachia ungo, akaniambia nimalizie yaliyobaki kabla ya kuondoka, maana mpishi ni mkali. Nikamaliza. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa namtafuta mtoto yule na muwa wake, nikikumbuka sura moja baada ya nyingine, na sikumpata. Walikuwa wengi mno.